Mchinjaji Mwenye Roho Mbaya

12 Aprili

Muuguzi Sidonie ameniambia niandike kila ninachokula. Haya, naandika. Leo nimekula wali, maharage na woga, na kilichonishibisha ni woga.

Mimi ni Alimasi, mchinjaji wa mtaa wetu hapa Kasongo. Mwenye harusi, mwenye msiba, mwenye mgeni, awe Mwislamu au Mkristo, huniita mimi, ili kila atakayeketi mezani ale bila wasiwasi. Haki yangu ni shingo. Ndiyo desturi tuliyoikuta: shingo ya mnyama ni ya mchinjaji. Nimekula shingo za mbuzi na ng'ombe, pamoja na mafuta yake, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi.

Juzi, siku ya Idi, nilikuwa nimeinama juu ya mbuzi, dunia ikazunguka na kisu kikaniponyoka. Nikasema ni njaa ya mfungo. Hidaya, mke wangu, hakuamini. Leo amenikokota hadi kituo cha afya. Sidonie akanifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha, akakijaza upepo, akatazama, akakijaza tena.

"Baba, tansio yako iko kumi na nane," akasema. "Ni mingi sana. Kuko wandugu zako walikufa? Walikufa na nini?"

Nikamwambia. Kaka yangu Mahamudu alianguka sokoni huku anacheka. Kaka yangu Sumaili alijilaza baada ya chakula cha mchana, na alasiri tulipomwita hakuitika. Wote wawili walikuwa na umri huu nilio nao mimi. Watu walitafuta mchawi siku nyingi, hawakumpata.

"Basi siku yako usiingojee umekaa," akasema Sidonie. "Dawa hizi umeze kila siku, hata ukijisikia muzima. Nyama ya mafuta uache. Chumvi upunguze. Ukule majani, maharagi, matunda. Na utembee na miguu. Moto ya Pitchou uachie wengine." Moto ndiyo pikipiki, na Pitchou ndiye dereva anayenibeba kila siku.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nimesimamisha mioyo ya wanyama maisha yangu yote bila kufikiri, na sasa naogopa hata kuweka mkono juu ya kifua changu mwenyewe.

13 Aprili

Mvua. Wali na matembele. Sijafa.

16 Aprili

Nimechinja kwenye msiba wa jirani na kurudi na shingo yangu kama kawaida. Hidaya aliipokea mlangoni, akageuka nayo palepale, akaipeleka nyumba ya pili. Nilimfuata hadi uani nikilalamika kama mtoto. Nikamwuliza kama ameniona nina pembe, hata anilishe majani.

"Mbuzi wanamuchinjaka," akasema bila kugeuka. "Weye nataka uishi. Kaa, ukule."

Angalau kuna sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Hidaya anasema sombe ni majani, na mafuta ya ngazi, yaani mawese, yanatoka kwenye mti, kwa hiyo yote ni halali ya Sidonie. Chungu kilikuwa kimejaa, mafuta mekundu yanaelea juu, harufu ya samaki wa makayabo inafika barabarani. Nilikula mpaka jasho likanitoka, nikafikiri kwamba kama hii ndiyo dawa, nitaugua kila mwaka.

20 Aprili

Natembea asubuhi, kwenda na kurudi. Kila hatua nasikiliza kifuani. Moyo ukienda mbio naogopa, ukitulia naogopa zaidi.

Leo nilipita kwa Nourdine, mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Anachoma nyama ya mbuzi pale pikipiki zinapoegeshwa, na tumbo lake linatangulia kufika kila anapokwenda.

"Yaya, nani anakufukuza?" akapaza sauti, maana kwetu kaka mkubwa ni yaya, na madereva wote wakacheka. "Tansio? Ee, mi yangu naibeba hapa mbele, kila siku naiona, haiwezi kunivizia!"

Akanikatia kipande cha nyama. Nilikataa. Kicheko kikapungua kidogo, nadhani, au ni masikio yangu.

21 Aprili

Mvua kutwa. Maharage. Mbavu ya kushoto ilichoma kidogo. Hidaya anasema ni gesi.

27 Aprili

Kumi na nane. Ileile! Siku zote hizi bila nyama, miguu imevimba kwa kutembea, na bado ni ileile. Nilihisi kiti kinazama chini yangu.

Sidonie akamgeukia Hidaya. "Mama, sombe munaipika na nini?"

Hidaya alijibu kwa fahari, kwa sababu sombe yake inajulikana. Mafuta ya ngazi, bila kubania. Bikabonati, ili majani yalainike upesi. Makayabo, ili pawe na ladha.

"Hata kule kwetu, kijiji cha Wamaza, tunapikaka vile," akasema Sidonie, na hakucheka. "Lakini, mama, bikabonati ni chumvi yenye kubadilisha jina. Makayabo ni chumvi yenye mapezi. Na mafuta, hata yakitoka kwa muti, ni mafuta."

Hidaya aliinama. Nilitaka kumtetea, lakini wakati huo mvua iliangukia mabati kwa kishindo, na Sidonie ikabidi apige kelele ili nimsikie. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje watu wamebanana wakikwepa mvua.

"Baba Alimasi! Roho yako iko mubaya! Unasikia? Roho mubaya sawa hii haichezewe!"

Moyo ndio alioutaja, huku kwetu tunauita roho. Nimeelewa, asante. Sasa sijui nitalalaje.

1 Mei

Majani ya lengalenga, wali, papai. Kichwa kizito.

5 Mei

Sombe mpya. Hidaya ameyachemsha majani tangu asubuhi bila bikabonati, mpaka yakajisalimisha yenyewe. Ametia kitunguu, nyanya, pilipili na karanga za kusaga, mafuta kijiko kimoja, makayabo hakuna. Tonge la kwanza lilikuwa kama kula mvua. Kisha nimeonja majani yenyewe kwa mara ya kwanza, na yana utamu wake. Sijamwambia, asije akajivuna.

9 Mei

Kuna jambo. Mama muuza mkaa, ambaye hunisalimia hadi kwa jina la babu yangu, leo alijifanya anapanga makaa. Watoto waliokuwa wanacheza njiani wakasogea ukutani nilipopita, wakanitazama mikono.

14 Mei

Juma zima hakuna aliyeniita kuchinja. Mbuzi wanalia kwenye nyua za watu na baadaye hawalii tena, kwa hiyo wanachinjwa. Nilimtuma Hidaya aulize. Alirudi amekaza uso. Nourdine ndiye anayeitwa. Nourdine, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu! Kikulacho ki nguoni mwako.

15 Mei

Suruali imelegea, naifunga kwa kamba. Zamani ningefurahi. Sasa naona watu wanavyoitazama kamba.

18 Mei

Naandika nikiwa nimelala kwenye kitanda cha hospitali. Hidaya ananikataza, lakini nisipoandika nitasikiliza kifua changu hadi asubuhi.

Mwalimu Gérard, Mkristo, alikuwa ameniomba tangu mwezi uliopita nimchinjie kwenye harusi ya binti yake, Esther-Divine. Nyumba yao iko nje ya mji, kwenye njia ya Kabambare. Nilitembea na kisu changu ndani ya kitambaa, nikiwa na furaha kidogo, maana yeye hakubadilisha neno. Nilipofika, wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakasogeza nyungo zao mbali na mimi. Nyuma ya nyumba damu ilikuwa imekwisha kumwagika, na Nourdine alikuwa amesimama pale, mikono ya shati imekunjwa.

Gérard alinifuata mbio, hajui aweke wapi macho yake.

"Baba Alimasi, unisamehe. Siye mi. Ni wazee wa familia. Wanasema munganga mwenyewe wa kituo cha afya alikupima na mashini, akakuta uko na roho mubaya."

Nilicheka. Wallahi, nilicheka, nikafungua mdomo nimweleze. Lakini mzee mmoja aliyekaa karibu na pipa la maji alinitangulia, na hakuwa anasema na mimi, alikuwa anawaambia wengine.

"Wandugu wake wawili walikufa bila ugonjwa. Mumoja anacheka, mumoja analala. Sasa angalia. Yeye mwenyewe amekauka, na nyama hakule tena. Mutu wa kuchinja, na nyama hakule! Anakulaka nyama ya nani?"

Nilielewa yote kwa mara moja. Roho mbaya, kwao, si moyo mgonjwa. Ni mtu mwenye kijicho, mtu anayekula wenzake. Walikuwa wametafuta mchawi wa Mahamudu na Sumaili, na sasa wamempata, na kila sahani ya majani niliyokula ilikuwa ushahidi.

Ndipo kifua kikabana. Si kama ile mbavu ya gesi. Ilikuwa kama mtu ametua mtungi uliojaa maji katikati ya kifua changu na hataki kuuondoa. Mkono wa kushoto ukawa mzito, jasho baridi likanitoka. Nikapiga magoti. Nilimwona Mahamudu na mdomo wake uliobaki wazi kwa kicheko. Nikasema moyoni, ndiyo leo, na nitakufa mbele ya watu wanaodhani nimejiroga mwenyewe.

Hakuna aliyenigusa. Nilisikia mama mmoja akiwavuta watoto ndani. Nilimtazama Nourdine, damu yangu, na yeye alisimama palepale na kisu mkononi, hakusogea hata hatua. Aliyekuja ni Pitchou, aliyekuwa ameleta wageni kwa pikipiki ileile ambayo Sidonie alinikataza kupanda, mtu ambaye hata dini yetu si moja.

"Mi roho za watu sizipime," akasema, akanibeba kama gunia la mpunga. "Unishike kiunoni, mzee, ukaze."

19 Mei

Niko hai. Daktari amesikiliza, amenifunga nyaya za mashine, akasema moyo haujapasuka, lakini mishipa yake imekuwa myembamba na jana ulikosa damu kwa muda. "Umekupigia hodi," akasema. "Ingekuwa bado unaishi kama mwezi wa nne, labda moyo usingebisha hodi, ungevunja mlango." Dawa zimeongezwa. Chakula, kilekile. Kutembea, polepole, baadaye.

Nilimwuliza kama utabisha tena. Alisema hajui, na nampenda kwa kutonidanganya, na namchukia pia.

20 Mei

Ndizi. Uji bila chumvi. Nourdine hajaja.

22 Mei

Nimerudi nyumbani. Sidonie amekuja kunipima: kumi na sita. Nikamweleza kilichotokea kwa Gérard. Aliposikia neno "mashini" akaweka mikono yote miwili mdomoni.

"Ni mi! Baba, ni mi nilisema vile! Na ile mvua, na ule mulango!" Machozi yakamtoka. "Nitapita nyumba kwa nyumba, nitawaeleza."

Nikamwambia asithubutu. Akinitetea, jioni hiyohiyo watasema nimemroga na yeye. Hidaya alimpa kiti na sahani ya sombe, akala yote na kuomba nyingine. Ni msichana mwema. Kosa lake ni sauti yake tu, na mabati.

Lakini naogopa. Zamani nilikuwa naogopa kitu kimoja ndani ya mbavu. Sasa nikisikia hatua uani, naogopa hizo pia.

26 Mei

Mtu amerusha jiwe juu ya paa. Moja tu. Kunde.

30 Mei

Mvua imekatika. Majani ya barabarani yameanza kuwa mekundu kwa vumbi.

Imamu amekuja na kusimama mlangoni, hakukaa. Aliuliza ng'ombe wa Idi kubwa atachinjwa na nani. Nikamwambia amwite Nourdine.

"Nimeuliza muchinjaji," akasema. "Mudogo wake sikumuuliza."

Nikamwambia watu hawataila ile nyama. Akasema basi italiwa na mbwa, lakini yeye hatafukuza mtu kwenye kazi yake kwa sababu ya neno lililopita mlangoni. Akaenda zake. Hidaya alifurahi. Yeye anafikiria heshima yangu, mimi nafikiria umati, visu vingi mikononi mwa watu, na moyo unaobisha hodi.

8 Juni

Nourdine amekuja. Hakupiga kelele tangu barabarani kama kawaida yake, aliingia kimya na kukaa kwenye kiti cha chini. Nilikuwa nimeandaa maneno makali wiki tatu nzima. Nikayatoa yote. Nikamwambia ameninyang'anya kazi, ameniacha nife kama kuku. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yaya, yote ni kweli," akasema. "Lakini weye haukuwa sokoni siku ile. Mi ndiye nilikuwa na yaya Mahamudu. Mi ndiye nilimuchekesha. Nilisema kitu, akacheka, akaanguka. Na pale kwa Gérard, weye pia ulianza kucheka." Akajifuta uso kwa shati. "Miguu yangu ilikataa. Nilisema, ni mi. Ni mi ninawaua."

Miaka yote hii amekuwa akifanya mzaha kwa kila mtu, kasoro kwamba mbele yangu mzaha wake huwa unakatika ninapoanza kucheka. Sasa nimeelewa kwa nini. Hidaya akaleta sahani ya sombe, Nourdine akaitazama, akasema ameshiba.

15 Juni

Kesho. Wali na maharage, nimeacha nusu sahani.

16 Juni

Idi.

Uwanja ulijaa. Ng'ombe alikuwa mnono, ameletwa kwa miguu kutoka mbali. Nilipofungua kitambaa cha kisu, watu wakarudi nyuma wote pamoja. Vijana ambao kila mwaka hugombania kushika miguu ya ng'ombe wakawa wanatazama viatu vyao. Imamu akawaita kwa majina, hata mmoja hakusogea. Nilisikia moyo wangu masikioni. Nikasema, Mola wangu, usibishe sasa.

Nourdine akatoka kwenye umati. Alikuwa anatetemeka, tumbo lote linatetemeka, lakini akazishika pembe na kulaza kile kichwa kuelekea kibla. Wakafuata vijana wawili, wakaja wanne. Nikataja jina la Mungu, nikachinja. Ng'ombe akatulia upesi.

Hapo nilipaswa kuwaachia wachuna ngozi. Sikuwaachia. Nilingoja wamfungue kifua, nikaingiza mkono mwenyewe na kuutoa moyo, mzito, ungali na joto, umezungukwa na mafuta meupe manene hadi nyama haionekani vizuri. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimechoka kuogopa, basi. Nikauinua juu.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Roho," wakasema wachache.

"Ee. Roho. Munaiona mafuta vile imeifunga? Ni roho muzuri ao mubaya?"

"Mubaya!" akasema mtoto mmoja.

"Basi huyu ng'ombe alikuwa mulozi? Alikula wandugu zake?"

Kisha mama muuza mkaa, wa kwanza kabisa kunigeuzia mgongo, akaachia kicheko ambacho nadhani alikuwa amekibana tangu mwezi uliopita. Kikaenea. Nikasubiri kipite.

"Munganga alisema roho yangu mi ni mubaya. Alisema hii!" Nikauonyesha tena. "Hii yenye kupiga hapa ndani. Ya Mahamudu ilikuwa vile. Ya Sumaili ilikuwa vile. Hakuna mutu aliwakula. Ni sisi tulikula. Shingo, mafuta, chumvi, tukakaa. Mi nakula majani kwa sababu naogopa kufa. Ni ile tu. Naogopa sana."

Sauti ilinikatika nilipofika hapo, mbele ya watu wote, na sikuona haya. Mzee yule wa kwa Gérard hakuwepo, na wapo ambao nyama hawakuichukua. Jiwe jingine labda litakuja juu ya paa. Lakini wengi walipanga mstari na vyombo vyao. Shingo ililetwa kwangu kama haki yangu, nikamkabidhi Pitchou, ambaye ni mwembamba kama mwiko na hamwogopi mtu.

Nourdine hakupanga mstari. Alibaki amechuchumaa mbele ya ule moyo, anautazama.

17 Juni

Kumi na nne! Hidaya amecheza. Mimi nimemeza dawa zangu na kutembea.

18 Juni

Alfajiri Nourdine alikuwa mlangoni, amevaa shati safi. Akasema anapita tu. Nikasema na mimi natoka kutembea tu. Tukatembea, akipumzika kila penye ukuta, na bila mmoja wetu kutaja neno tukajikuta kwenye kituo cha afya.

Aliingia peke yake. Nilikaa kwenye benchi pamoja na akina mama na watoto wao, nikamwona kupitia mlangoni akinyoosha mkono mnene kwenye kile kitambaa. Sidonie akakijaza upepo. Akatazama. Akakijaza tena.

Kisha akainuka, akaja akafunga mlango.

Sijawahi kuogopa hivyo. Si Idi, si kwa Gérard, si kwenye kitanda cha hospitali. Nilikuwa nimeuogopa moyo wangu msimu mzima, nikausahau ule mwingine uliobaki wa mama yetu. Nilisikiliza, na safari hii hapakuwa na mvua, ila sikusikia hata neno.

Alipotoka alikuwa na karatasi ya dawa, ameikunja hadi ikawa ndogo kama ukucha. Hakufanya mzaha. Tulikuwa tumefika karibu na kwangu ndipo akasema, akitazama mbele.

"Yaya. Shemeji anapakuaka sombe saa ngapi?"